Kibla cha Babangu

Kuna sauti moja inayonifuata kazini tangu saa moja asubuhi mpaka tunapofungua makabati yetu kurudi nyumbani: sauti ya utepe wa gundi ukivutwa kutoka kwenye gurudumu lake. Kraaa, kisha unakatwa. Nafanya kazi kule Shakopee, Minnesota, kwenye ghala kubwa lisilo na dirisha, nafunga maboksi. Walio kwenye mstari wangu karibu wote ni watu wa kwetu, Wasomali, Waoromo, Wakenya, na sote kutwa tunavuta utepe. Wao hawasikii kitu. Mimi, siku nyingine, nikiusikia ule mkwaruzo naona magoti ya babangu.

Namwona kapiga magoti kwenye besmenti, chumba cha chini ya ardhi, cha jengo moja pale mtaa wa Cedar-Riverside, suruali ya kazi imepauka, anabandika utepe mweupe juu ya zulia la kijani ili watu wapate kupanga safu za sala. Zulia lilinuka unyevu na soksi, na kutoka juu, kwenye bucha, ilishuka harufu ya nyama ya mbuzi. Mstari baada ya mstari, umenyooka kama wa uwanja wa ndege. Na kila mstari aliobandika alijua unakwenda kombo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimemshikia ncha ya utepe.

Nina uchungu, na sitauficha. Shule niliiacha darasa la nane, kwa hivyo msingoje niwazungushe na maneno mazuri. Waliomwangusha babangu nawajua, na nitawataja. Wa kwanza Maalim Badi. Wa pili Twaha. Wa tatu nitamfikia.

Babangu, Kapteni Omari Shee, alikuwa rubani wa jeshi. Si wa zile ndege kali za kupiga kelele juu ya gwaride. Yeye alirusha ndege za mizigo, tumbo kubwa, mwendo wa pole, akipeleka unga kwenye ukame na kurudi na wagonjwa. Alikuwa akiniambia kwamba alijifunza kusali vizuri kule juu, maana chini mtu ana mengi ya kutazama. Kisha askari fulani wakajaribu kuipindua serikali, wakashindwa, na watu wa jeshi la anga wakazolewa wote, aliyejua na asiyejua. Babangu siku hiyo alikuwa likizoni pwani kwa sababu yangu. Nilikuwa nimezaliwa, na alikuwa amechinja mbuzi wa akika. Walimchukua mikono yake bado ina mafuta ya nyama.

Alikaa ndani zaidi ya miaka miwili. Huko alipigwa mpaka akatia sahihi karatasi inayosema alijua habari ya mapinduzi. Hakujua lolote. Alitoka hana kazi, hana leseni, na kila baada ya miezi michache gari lilisimama mlangoni kumchukua kwa maswali. Nilipokuwa na miaka saba, akamchukua Mama na mimi, tukaja Minnesota kuomba hifadhi.

Hapa alipata kazi ya kusafisha ndege kwa ndani. Mnanielewa? Abiria wakishuka, rubani anaingia na mfuko wa taka, anaokota maganda ya karanga katikati ya viti. Hakunung'unika hata siku moja. Alirudi na habari. "Leo nimesafisha moja nzuri sana, Zena, lakini rubani wake mchafu, kaacha kikombe cha kahawa juu ya mitambo ya kurushia." Mama alicheka mpaka akashika mbavu, babangu naye akakunja uso, kwani kwake lile halikuwa la kuchekwa.

Nyumba yetu, ghorofa ya kumi na nne, aliiendesha kama ndege. Hatukutoka, hata kwenda kununua maziwa, kabla hajasimama mlangoni akatusomea orodha yake.

"Jiko?"

"Limezimwa."

"Dirisha?"

"Limefungwa."

"Funguo?"

"Ninazo."

"Bismillahi?"

"Tumesema."

"Omari," Mama alimwambia siku moja, "tunakwenda kununua maziwa, hatuendi vitani."

"Umenikatiza," akasema, na akaanza tena kwenye jiko.

Na ukipewa agizo, lazima ulirudie. Hiyo ndiyo desturi ya marubani na watu wa mnara wa kuongozea ndege: anayeambiwa anarudia neno kwa neno, ijulikane kwamba lililosikika ndilo lililosemwa. Shuleni mwalimu wangu alidhani nina tatizo la masikio.

Sasa, kesi. Ombi la hifadhi lilikuwa limengoja muda mrefu, na hatimaye tukapewa tarehe ya kwenda mbele ya hakimu. Mwanasheria wetu, mama mmoja mwembamba aliyetusaidia bure, alitueleza wazi mezani petu: karatasi za kifungo hatunazo, serikali ya kwetu haitazitoa, kwa hivyo tunahitaji mtu aliyeona kwa macho yake. Bila shahidi, babangu atarudishwa. Na babangu alijua nini kinamngoja akirudishwa, ingawa mbele yangu hakukitaja.

Shahidi alikuwepo, mmoja tu katika Minnesota nzima. Twaha. Twaha alikuwa fundi wa ndege katika kambi ile ile, akafungwa chumba kimoja na babangu. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye pengo la jino, aliyenibeba begani na kuniita Luteni. Alikuwa tayari kuja kusema. Lakini Twaha alifanya kazi kwenye bucha ya Maalim Badi, alilala chumba cha nyuma cha bucha, na alikuwa ameposa binti wa Maalim. Kila alichokuwa nacho kilitoka mkono mmoja.

Namtendea haki Maalim Badi. Baridi yetu ya kwanza alitupa blanketi na viatu vya theluji, na besmenti ile aliitoa bure ili watu wasali na watoto wasome. Ndevu zake zilikuwa nyekundu kwa hina, na akisoma Kurani hata wapita njia walisimama. Ila alikuwa mtu asiyeweza kukosolewa mbele ya watu. Alipofungua pale mahali alitazama ramani ya ukutani, akaona Makka iko chini na iko kulia, akasema basi kibla ni kusini mashariki, upande wa mlango wa boila, ule mtambo wa kupasha jengo joto. Watu wakasali hivyo miaka.

Babangu siku ya kwanza alipoingia alisimama kidogo, akatazama jua kupitia kidirisha, akatazama mlango wa boila, akanyamaza. Na zulia jipya lilipokuja Maalim akamwambia, "Kapteni, wewe mkono wako umenyooka, tubandikie safu." Akabandika.

"Baba, huku siko," nikamnong'oneza.

"Shika utepe."

Mimi nilijua kwa sababu alinifundisha. Alinipeleka maktaba, akaliweka mbele yangu tufe la dunia, ule mpira wa ramani unaozungushwa kwa kidole, akatoa uzi wa cherehani wa Mama. Ncha moja akanipa niibane kwenye mji wetu, nyingine akaibana kwenye Makka, akaukaza. Uzi haukwenda kusini hata kidogo. Ulipanda kaskazini mashariki, ukakata Kanada, ukachungulia nchi za barafu, ndipo ukashuka kupitia Ulaya. Hiyo ndiyo njia fupi, akasema, ndiyo ndege inayopita, na ndiyo uso unaoelekea. Ramani ya ukutani ni ngozi ya chungwa iliyobandikwa kwa nguvu. "Uzi hauna dhehebu," akaniambia, akacheka peke yake.

Kwa hivyo akitoka kwa Maalim, alisali tena nyumbani, akielekea dirisha la jikoni. Nikamuuliza kwa nini hasemi. Akakaa chini, uso kwa uso na mimi.

"Asiyejua na akajitahidi, sala yake inapokewa. Hawa hawana dhambi. Kesi ikiisha nitakaa na Maalim, mimi na yeye na birika la chai, nimweleze taratibu. Kabla ya kesi hakuna neno. Rudia."

"Kabla ya kesi hakuna neno."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote."

Nilirudia vizuri. Sikukosea hata herufi.

Jumamosi moja, wiki tatu kabla ya kesi, Maalim alituuliza watoto wa chuo chake cha Kurani: kibla chetu hapa kiko wapi? Wote wakanyoosha vidole mlango wa boila. Kidole changu, sijui nani alikiinua, kikaelekea kwingine. Maalim hakukasirika. Alicheka. "Mwanaisha, huko ni kwa Wakanada! Makka imehamia kwenye barafu?" Watoto wakavunjika mbavu. Mmoja aliniita binti Kanada, na jina likanishika wiki nzima, kwenye lifti, kwenye ngazi, mpaka uwanja wa kuchezea.

Ijumaa iliyofuata nikamwomba mwalimu wangu wa shule tufe la darasani, nikalitia ndani ya foronya, nikalificha chini ya kitanda. Jumamosi nikashuka nalo.

Ilikuwa karibu na Adhuhuri, kwa hivyo wanaume wameshaanza kuingia, wanafunzi wa chuo kikuu, madereva wa teksi, wanatia udhu, wanakunja mikono ya mashati. Babangu alikuwa kazini. Nikalitoa tufe, nikaliweka juu ya meza ya Maalim, nikatoa uzi. Sikusema kitu. Nilibana ncha moja, nikabana ya pili, nikakaza. Watu wakasogea. Uzi ukapanda juu, mbele ya macho ya wote, ukakata Kanada.

Kisha mtu akacheka, kicheko cha sauti kubwa, cha raha.

"Maalim, leo Luteni kakumaliza!"

Alikuwa Twaha. Fundi wa ndege, alijua vizuri kuliko wote pale kwamba uzi hausemi uongo. Alicheka kama alivyozoea kucheka, kwa lile pengo lake, na wengine wakacheka naye. Nikaona shingo ya Maalim inaiva. Alilisukuma tufe kwa mgongo wa mkono, taratibu, mpaka likaanguka, akakimu sala. Tukasali kuelekea boila.

Mimi nilipanda ngazi najiona nimeshinda. Babangu aliporudi na nikamhadithia, alikaa kwenye ukingo wa kiti bila kuvua koti. Hakunipiga. Hakunikaripia. Akaniuliza tu nani alikuwepo, na nilipotaja Twaha akafumba macho.

Siku chache baadaye Twaha akabisha mlango wetu. Aligoma kuingia. Alisimama kwenye korido, kofia mkononi, mimi nimejibanza nyuma ya babangu.

"Kapteni, siku ile sitaweza kuja. Maalim ananihitaji dukani."

"Twaha. Tulilala sakafu moja."

"Najua."

"Ulinipa shati lako."

"Najua, Kapteni. Nisamehe."

"Mwambie akupe na sababu, si msamaha mtupu!" Mama akapiga kelele kutoka jikoni. "Au sababu ina ndevu nyekundu?"

Twaha hakungoja lifti. Tulimsikia akishuka ghorofa zote kumi na nne kwa miguu.

Siku ya kesi babangu alivaa suti, akasoma orodha mlangoni, tukaijibu. Mahakamani, mwanasheria aligeuka kila mlango ulipofunguliwa. Hakimu hakuwa mtu mbaya, alisikiliza. Akauliza kuna nani wa kuthibitisha. Hakuna. Akauliza, wakati wa kifungo ulitia sahihi yoyote? Babangu angeweza kusema hapana. Akasema ndiyo, nilitia, na niliyoyatilia sahihi hayakuwa kweli. Basi ikawa yule aliyekiri kwamba aliwahi kuandika uongo anaomba aaminiwe kwa maneno yake tu.

Akakataliwa. Rufaa ikakataliwa. Akapewa siku ya kuondoka, akaondoka siku hiyo hiyo, maana ndivyo alivyokuwa. Mama na mimi alituamuru tubaki, na akatutaka turudie. Tukahamia Coon Rapids, mahali ambapo bila gari hufiki popote, tukaishi bila karatasi, Mama akifua mashuka na mimi nikiacha shule ili nifue naye. Karatasi nilikuja kuzipata kwa ndoa, na ndoa yenyewe haikukaa.

Babangu alichukuliwa alipotua. Walimweka miezi, wakamtoa kifua kimeharibika. Alikufa mwaka wa pili kwa dadake, tukaambiwa kwa simu. Nilipotaka kujua alizikwaje, shangazi alidhani nauliza sanda na watu wangapi. Nilitaka kujua uso wake waliuelekeza wapi. Kule kwetu, alhamdulillahi, hawana shida hiyo.

Miaka mingi baadaye, ule msikiti ulihamia jengo kubwa, na siku moja niliingia nikaona mazulia yametandazwa kaskazini mashariki. Nikamuuliza mama mmoja, tangu lini? Akasema, ah, zamani, Maalim mwenyewe aligeuza, wataalamu walikuja wakapima. Wataalamu! Sikutajwa mimi wala uzi, na Kapteni Omari ndiyo kabisa. Maalim Badi alikufa kwenye kitanda chake, jeneza lake likafuatwa na magari mpaka barabara ikafungwa. Twaha alimwoa yule binti, na bucha sasa ni yake. Nilimkuta siku moja anapanga kuku kwenye friji, mzee, kanenepa, pengo kalijaza dhahabu.

"Mwanaisha. Yale yalipita, mwanangu."

"Kwako," nikamwambia, nikaacha vitu vyangu kwenye kaunta.

Kwa miaka yote hiyo niliamini jambo moja, na ndilo lililonisimamisha. Niliamini babangu aliangushwa kwa ajili ya kibla. Kwamba walimtaka aikane haki ya Mungu, naye akakataa, kama tunavyowasikia watu wakubwa wa zamani. Nilijilaumu kwa lile tufe, nilijilaumu mpaka nikachoka, lakini ndani yake mlikuwa na fahari kidogo.

Mama alinivunjia fahari hiyo kwenye hospitali ya Coon Rapids, wiki ya mwisho ya maisha yake. Hakuwa akihadithia kwa makusudi. Nilikuwa namkanda miguu, akasema tu, kama anayeendelea na mazungumzo ya jana, "Angekuacha tu useme."

"Niseme nini, Mama?"

Kumbe kabla Twaha hajaja mlangoni, babangu alikwenda kwa Maalim. Alikwenda bucha imejaa wateja, akaubusu mkono wa Maalim mbele yao, akasema, nimekosea, kibla ni kule ulikosema wewe. Aliyasema kwa mdomo wake, rubani, mtu aliyejua kila upande wa dunia hii kwa nambari. Aliikana ile haki yote, asubuhi moja, kwa ajili yetu.

Maalim hakutosheka. "Hayo ni yako, Kapteni. Aliyeniaibisha ni mtoto. Jumamosi asimame mbele ya wenzake aseme: babangu alinifundisha uongo. Hapo Twaha atakwenda popote unapomtaka."

Babangu alirudi nyumbani, akasali rakaa mbili jikoni, akamwambia Mama haitakuwa. Mama alimshika miguu. "Ni maneno tu, Omari. Ni mtoto, atasahau."

"Na mimi waliniambia ni maneno tu," akamjibu. "Tia sahihi tu, uende kwa mwanao. Tangu siku ile, Zena, nikisali namsikia yule aliyetia sahihi anasali pamoja na mimi. Mwana hatakuwa na mtu wa namna hiyo ndani yake."

Mama alinihadithia hayo akitazama dari. Hakulia. Alikuwa ameyabeba peke yake muda mrefu mno.

Basi wa tatu ndiye huyo. Babangu. Nimemweka pamoja na wale wawili, na wanaotaka kunilaani wanilaani. Alinipenda, najua, hakuna haja ya kunieleza. Alifikiri ananilinda na kidonda chake, akaniachia hiki changu: miaka hii yote bila yeye, Mama kafa akifua mashuka ya watu, mimi hapa na mwili wa bibi kizee na sijafika hamsini. Nikiiweka roho niliyolindiwa upande huu, na baba upande ule, sioni hata siku moja nikichagua alivyochagua yeye.

Tena hakuniuliza. Hilo ndilo linaloniamsha. Katika watu wazima wote waliokaa wakapima nitakuwa mtu gani nikisema, hakuna aliyefungua mlango wa chumba changu akaniuliza kama niko tayari. Nilikuwa na miaka kumi. Ningesimama pale mbele ya watoto, ningesema babangu alinifundisha uongo, ningesema hata mara mbili kama Maalim hakusikia vizuri, halafu ningekwenda nje kucheza.